Ndege ya Kwenda Anga za Juu: Je, Yawezekana?



Tarehe 31 Oktoba, mwaka 2024, kampuni ya Reaction Engines ya Uingereza iliishiwa fedha na kukabidhiwa kwa wasimamizi wa mufilisi. Kampuni hiyo haikuwa ya wauza maneno. Kwa muda wa miaka 35 wahandisi wake walikuwa wakitafuta jambo moja: injini ambayo ingeiwezesha ndege kuruka kutoka kiwanjani, kuvuta hewa kama ndege nyingine, kupanda mpaka kwenye mzingo wa dunia, kuacha mzigo wake huko, kisha kurudi na kutua, tayari kwa safari ya pili. Habari za kuanguka kwake zilipita upesi magazetini. Lakini swali lililobaki nyuma yake ni zito: je, ndege ya namna hiyo yawezekana, au ni ndoto ya Alinacha?

Swali hili si la mabingwa wa sayansi peke yao. Askari wa leo hupata ramani, habari za hali ya hewa, mahali alipo na sauti ya kamanda wake kwa njia ya setilaiti. Taifa lisilokuwa na njia yake ya kwenda juu hulazimika kukodi njia ya mwingine, kwa bei ya mwingine na kwa ratiba ya mwingine. Kama siku moja chombo cha anga za juu kingeweza kuruka kutoka kiwanja chochote chenye barabara ndefu na imara, mizani ya mataifa ingebadilika. Ndiyo maana hesabu za jambo hili zastahili kutazamwa kwa utulivu.

Wazo lenyewe ni jema na ni rahisi kulielewa. Moto hauwaki bila ya hewa, na huko juu hewa hakuna. Kwa sababu hiyo roketi hujibebea vitu viwili: fueli, na oksijeni ya kuiunguzia fueli hiyo. Vyombo vya Marekani vilivyoitwa Space Shuttle, vilivyoruka tangu mwaka 1981 hadi 2011, vilikuwa na tangi kubwa la nje lililobeba kiasi cha tani 106 za haidrojeni na tani 629 za oksijeni. Yaani kila kilo 1 ya fueli ilifuatana na kilo 6 hivi za oksijeni. Basi wahandisi wakauliza: kwa nini msafiri ajitwike maji mgongoni, hali anapita kando ya mto? Aanze safari kwa kunywa ya mtoni, na akiba yake aianze pale mto unapokwisha.

Tena roketi ya zamani ilikuwa ni mali ya kutupwa. Wazee wa pwani ya Kenya wanaikumbuka San Marco, kituo cha Waitaliano kilichosimama baharini karibu na Malindi. Kuanzia mwaka 1967 hadi 1988 roketi za Scout zilirushwa kutoka hapo. Mojawapo, tarehe 12 Desemba, mwaka 1970, iliichukua setilaiti iliyopewa jina la Uhuru. Roketi hizo zilikuwa na vipande vinne vilivyofuatana kuwaka, na hakuna hata kimoja kilichokusudiwa kutumika tena. Ni sawa na kununua lori jipya kwa kila safari ya kupeleka chakula kambini, kisha kulitumbukiza mtoni baada ya kushusha mizigo.

Uingereza ilianza kulishughulikia wazo la ndege katika miaka ya 1980. Mhandisi Alan Bond alibuni injini, na makampuni ya British Aerospace na Rolls-Royce yakachora chombo kilichoitwa HOTOL. Serikali ikaifanya injini hiyo kuwa siri ya taifa. Lakini injini ilikuwa nzito na ilikaa mkiani, na uzani wa chombo kizima ukavutwa nyuma. Kila marekebisho ya kukisawazisha yalipunguza mzigo wa kubeba. Mwaka 1988 serikali iliacha kutoa fedha. Mwaka uliofuata Bond na wenzake wawili wakaanzisha Reaction Engines. Ndege yao mpya, Skylon, ilihamishia injini kwenye ncha za mabawa.

Huko Marekani mambo yalianza kwa kishindo zaidi. Mwezi Februari, mwaka 1986, Rais Ronald Reagan alilihutubia Bunge na kuahidi ndege ambayo kabla ya mwisho wa miaka ya 1990 ingeweza kufikia mwendo mara 25 wa sauti, ikaingia mzingoni au ikafika Tokyo kwa muda wa saa mbili. Wizara ya Ulinzi na shirika la NASA zilishirikiana katika mradi huo, uliopewa jina la X-30. Mwaka 1993 ulifutwa. Hakuna X-30 hata moja iliyopata kuruka. Ujerumani nayo ilikuwa na mpango wake, Sänger, nao ukaachwa katikati ya miaka ya 1990.

Kwa nini mataifa tajiri, yenye viwanda na wataalamu, yameshindwa? Sababu kubwa ni tatu.

Ya kwanza ni mwendo. Chombo cha kubaki mzingoni hakina budi kufikia kilomita 28,000 hivi kwa saa. Injini ya Skylon ingevuta hewa mpaka mwendo wa zaidi kidogo ya mara 5 wa sauti, yaani kama moja ya tano ya mwendo unaotakiwa. Kutoka hapo ingefunga mdomo na kuwa roketi ya kawaida, yenye oksijeni yake tangini. Na nguvu ya mwendo haikui sawasawa na mwendo: mwendo ukiongezeka mara 5, nguvu yake huongezeka mara 25. Kwa hiyo safari yenyewe ilikuwa bado mbele, na vifaa vya kuvutia hewa vingegeuka mzigo tu, kama ndoo za kisimani katika nchi isiyokuwa na visima.

Ya pili ni joto. Roketi hupanda wima na kuiacha hewa nzito kwa muda mfupi. Ndege inayoitegemea hewa hulazimika kukaa ndani yake huku ikizidisha mwendo, na hewa huisugua na kuipasha moto. Kwenye mwendo mara 5 wa sauti, hewa inayoingia injini hufikia kiasi cha nyuzi 1,000. Hapa ndipo Waingereza wanapostahili sifa. Walitengeneza kifaa mfano wa rejeta ya gari, chenye maelfu ya mirija myembamba, kilichokusudiwa kuipoza hewa hiyo mpaka nyuzi 150 chini ya sifuri kwa sehemu moja ya mia ya sekunde, bila ya unyevu kuganda na kuziba njia. Mwaka 2019, huko Colorado, kifaa hicho kilijaribiwa kwa pumzi ya moto kutoka injini ya aina iliyotumika katika ndege za kivita za Phantom, nacho kikastahimili joto la mwendo mara 5 wa sauti. Lakini kifaa kimoja si injini, na injini si ndege.

Ya tatu ni uzito, na hii ndiyo iliyoua wengi. Skylon ilipangwa kuwa na zaidi ya tani 300 wakati wa kuruka, na kubeba tani 15 tu za mzigo. Chombo kikiwa kitupu kingekuwa na tani 50 na kidogo. Basi, kama katika kukiunda uzito huo ungezidi kwa theluthi moja, mzigo wote ungekwisha, na ndege ingepanda juu mikono mitupu. Tena oksijeni iliyookolewa si kitu ghali wala kikubwa. Mita moja ya ujazo ya oksijeni ya maji ina zaidi ya kilo 1,100, na hukaa katika tangi dogo. Haidrojeni ya ujazo uo huo ina kilo 70 tu, na hutaka tangi kubwa kama ghala. Kwa ufupi, ndege hii iliokoa kitu rahisi kwa kutumia kitu ghali.

Wakati ndege ikingojea michoro, roketi yenyewe ilijifunza kurudi. Tarehe 21 Desemba, mwaka 2015, kipande cha kwanza cha roketi ya Falcon 9 ya kampuni ya SpaceX kilirudi na kutua wima huko Florida. Mwezi Machi, mwaka 2017, kipande kilichokwisha kutumika kiliruka mara ya pili, na tangu hapo viko vipande vilivyoruka zaidi ya mara 30. Roketi hiyo haivuti hewa. Hubeba oksijeni yake yote kama babu zake. Imeonyesha kwamba kutumika tena na kuvuta hewa ni mambo mawili mbalimbali.

Hata hivyo, haifai kusema kwamba kazi yote imepotea. Mwezi Novemba, mwaka 2004, chombo kidogo cha NASA kiitwacho X-43A, kilichosukumwa kwanza na roketi, kilifikia mwendo wa karibu mara 10 wa sauti, injini yake ikivuta hewa kwa sekunde 10 hivi. Mwaka 2013, X-51A ya jeshi la anga iliendelea kwa zaidi ya dakika 3. Na mwezi Septemba, mwaka 2021, Marekani ilirusha kombora la majaribio la HAWC kwa injini ya jamii hiyo. Kombora halitakiwi kufika mzingoni, wala kurudi salama. Hivyo elimu iliyotafutwa ili kufungua njia ya anga za juu imepata kazi kwanza katika silaha. Mlinzi wa nchi yeyote hana budi kulitia hilo moyoni.

Jibu la swali basi ni hili. Hakuna sheria ya maumbile inayoikataza ndege hiyo. Lakini hakuna chombo kilichofika mzingoni kwa injini ya kuvuta hewa, na faida yake mbele ya roketi inayorudi haijathibitishwa. Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Taifa linaloletewa mradi mkubwa, uwe wa angani au wa ardhini, na liulize kwanza uzito, gharama na majaribio yaliyokwisha kufanywa, ndipo lisikilize hotuba.