Dole gumba na mkataba usiosomwa

(Mazungumzo ya juma hili kama yalivyosomwa redioni)

Juma lililopita nilikuwa nyumbani, huko kwetu Uha. Nililala Kasulu siku mbili, halafu nikaenda Kibondo kwa shughuli ya kifamilia. Mpwa wangu, kijana anayenunua maharage vijijini na kuyauza sokoni Kibondo, alikuwa amechumbia, nasi wazee tulitakiwa kwenda kuzungumza mahari.

Hatukwenda. Siku mbili kabla ya siku yenyewe, baba wa binti alituma ujumbe kwamba mazungumzo yasimame kwanza, kwa sababu ameletewa habari katika simu yake kuwa mkwe mtarajiwa ni tapeli. Nikamwita kijana, nikamwuliza kulikoni. "Mjomba," akasema, "mimi sijamwibia mtu. Nilikopa kwenye simu."

Mambo yalikuwa hivi. Wakati wa mavuno alipungukiwa mtaji. Akaona tangazo katika mtandao mmoja wa kijamii: mkopo wa dakika tano, bila dhamana. Akabonyeza kiungo, programu ikaingia katika simu, ikamwonyesha maandishi marefu ya Kiingereza, na chini yake kitufe cha kukubali. Akakibonyeza kwa dole gumba. Aliomba Sh. 60,000, akapata Sh. 42,000. Nyingine ilikatwa palepale kwa jina la ada, naye akatakiwa kurudisha Sh. 60,000 kamili baada ya siku saba. Maharage hayakuuzika mapema. Siku ya nane, watu ambao namba zao zilikuwamo katika simu yake wakaletewa ujumbe wenye picha yake: huyu ni mwizi, mwambieni alipe. Ukamfikia mwalimu wake wa zamani, ukamfikia katekista, ukamfikia na baba mkwe.

Mikopo ya namna hii mnaifahamu, na mjini mmeipa jina: kausha damu. Lakini leo sitaki kuwasema wakopeshaji peke yao. Nataka tuliangalie hilo dole gumba, pamoja na wale wenye kukimiliki kioo linachokibonyeza.

Sisi Waha habari ya dole gumba hatukuanza nayo jana. Mwaka 1944 wenye mashamba ya mkonge walianzisha ofisi yao ya kutafuta vibarua, ikiitwa SILABU. Kasulu na Kibondo zikawa miongoni mwa sehemu zilizotoa watu wengi. Babu yangu alikuwa mmoja wao. Alitia dole gumba kwenye mkataba asioweza kuusoma, akapandishwa lori, kisha treni, akashushwa Korogwe. Huko akapewa kipande chenye siku 30 za kazi, na jina lake likafuatwa na namba. Ndiyo maana wenzake na yeye waliitwa manamba.

Msidhani kwamba sheria haikuwapo. Serikali ya kikoloni ilianzisha Idara ya Kazi mwaka 1926, na mikataba ilipaswa kushuhudiwa na ofisa. Lakini aliyetia dole gumba alikuwa upande mmoja, na mwenye shamba, mwenye lori na mwenye duka la kambini walikuwa upande wa pili. Kilichoanza kusawazisha mizani ni vyama vya wafanyakazi vya miaka ya 1950, watu walipopata pa kupeleka malalamiko yao na wakapata viongozi wa kuyasemea.

Sasa turudi kwenye kioo. Simu nyingi za kisasa zinazouzwa nchini, za Kibondo na za Kariakoo, zinaendeshwa kwa mfumo wa Android, ambao ni wa kampuni ya Google ya Marekani. Google ndiyo inayoamua programu gani iuzwe dukani kwake, na programu hiyo iruhusiwe kuchungulia nini ndani ya simu yako. Aprili 2023 ilitangaza kwamba kuanzia tarehe 31 Mei mwaka huo, programu za mikopo zilizomo katika duka lake zisiruhusiwe tena kusoma namba za jamaa na rafiki za mkopaji wala picha zake.

Ni uamuzi mzuri, na nausifu. Lakini tuutazame mara ya pili. Mwenye uwezo wa kuufunga mlango kwa kifungu kimoja cha maandishi ndiye aliyeuacha wazi miaka yote ya nyuma. Hakuna mbunge wetu aliyeupigia kura. Na kesho kampuni ikiona vingine, itabadili bila kumwuliza mtu. Isitoshe, anayeingiza programu kwa njia ya kiungo, kama alivyofanya mpwa wangu, hakupitia dukani hata kidogo.

Basi serikali zifanye nini? Yetu imefanya mambo kadhaa, na haki itendeke kwa kuyataja. Bunge lilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, ikaanza kutumika Mei 2023. Tume yake ikazinduliwa Aprili 2024. Kwa sheria hiyo, mpwa wangu ana haki ya kujua taarifa zake zinatumiwaje, kutaka zirekebishwe au zifutwe, na kulalamika mbele ya Tume. Benki Kuu nayo ilitoa mwongozo kwa wakopeshaji wa mtandaoni Agosti 2024, na Novemba mwaka huo ikatangaza orodha ya majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni.

Nilimwuliza kijana kama anaijua Tume hiyo. Hakuijua. Nikauliza watu sita pale sokoni. Hakuna aliyewahi kuisikia. Sheria ya mwaka 2022 haijafika soko la Kibondo, wakati programu ya mkopo ilifika kwa dakika tano.

Wenzetu wa Kenya wamekwenda hatua moja mbele. Mwaka 2023 kamishna wao wa ulinzi wa data aliitoza faini kampuni moja ya mikopo, Mulla Pride, karibu shilingi milioni 3 za Kenya, kwa kutumia majina na namba za watu kuwatumia vitisho. Huko Nigeria, Julai 2024, tume ya ushindani na ulinzi wa walaji iliitoza Meta, wenye Facebook na WhatsApp, faini ya dola milioni 220. Meta ikakata rufaa, na Aprili 2025 baraza la rufaa likaikubali faini ile. Kwa hiyo tusiambiwe kwamba makampuni haya ni makubwa mno kwa Mwafrika kuyagusa.

Lakini tusidanganyane, yana nguvu. Sisi wenyewe tumeiona. Mwaka 2022 mamlaka ya usafiri wa ardhini, LATRA, iliagiza kwamba kampuni za teksi za mtandaoni zisimkate dereva zaidi ya asilimia 15 ya nauli. Aprili mwaka huo Uber ikasimamisha huduma zake nchini. Desemba ukomo ukapandishwa hadi asilimia 25, na Januari 2023 Uber ikarudi. Sisemi nani alikuwa na haki. Nasema mlio Dar es Salaam mlishuhudia ni nani aliyeondoka mezani, na ni nani aliyemfuata kumrudisha. Nchi moja ikisimama peke yake, kampuni itahamia kwa jirani. Ndiyo maana jambo hili ni la Jumuiya ya Afrika Mashariki nzima: Kenya, Tanzania na Uganda zikiwa na kanuni moja, itakuwa vigumu kwa kampuni kuzikimbia zote.

Kuna jambo jingine ambalo lazima nilitaje, hata kama halipendezi. Kudhibiti makampuni si sawa na kuwazimia wananchi. Mei 2025 mtandao wa X ulifungiwa nchini, na kuanzia Oktoba 29 mwaka huo, siku ya uchaguzi, intaneti ilizimwa kwa siku kadhaa. Kampuni ya Marekani haikulala njaa kwa ajili hiyo. Aliyeumia ni mfanyabiashara wa Kasulu anayepokea oda zake kwa simu, na mzazi aliyetaka kujua mwanawe yu wapi. Kumziba mdomo aliyetia dole gumba hakumgusi mwenye shamba. Na serikali inayotaka wananchi waiamini itakapowatetea mbele ya makampuni, inalo deni la kuonyesha kwamba haitautumia uwezo huo dhidi yao wenyewe.

Ninaloliomba ni dogo. Kila mkataba wa simu unaoletwa kwetu uwe na Kiswahili kinachosomeka, ukurasa mmoja, kabla ya kitufe cha kukubali. Mtandao unaopokea fedha za tangazo la mkopo uulizwe kwanza kama mwenye tangazo ana leseni ya Benki Kuu, na usipouliza, ubebe lawama pamoja naye. Tume nayo iwe na mtu wake katika kila wilaya, hata kama ni meza moja na kiti katika ofisi ya mkuu wa wilaya. Babu yangu alikosa pa kusemea mpaka vyama vilipomfuata shambani. Mjukuu wake asingoje miaka hiyo yote.

Mpwa wangu ameshalipa deni lote. Nilikwenda naye kwa baba wa binti, nikamwonyesha mzee risiti na yale maandishi ya Kiingereza. Akayatazama kwa muda mrefu, akaniuliza: "Na hawa waliosema ni mwizi, watapita lini kwa watu wote hao kusema kwamba si mwizi?" Sikuwa na jibu. Tumepangiwa kurudi mwezi ujao.