Barua za Jumatatu na Vitabu vya Hesabu

(Maneno ya Katibu wa chama kimojawapo cha msingi, aliyoyasema mbele ya Mkutano wa Sherehe ya Miaka Kumi ya Chama Kikuu, Tabora)



Wenzangu walionitangulia wamesema habari za tumbaku, za bei na za maghala, na mmewapigia makofi kama walivyostahili. Mimi nimetakiwa niseme habari za vitabu vya hesabu. Najua ya kuwa wako watu ambao wakisikia neno hilo hutazama mlango uko wapi. Nawaomba mnivumilie kwa robo saa tu, maana hesabu nitakazozisema ni za fedha zenu.

Mji huu tuliokutanika ulikuwa mji wa hesabu zamani kabla haujawa mji wa reli. Burton na Speke walipofika hapa mwezi wa Novemba 1857, mahali walipopaita Kazeh, walikuta matembe ya wafanyabiashara yamekwisha kujengwa, na misafara ikipita baina ya pwani na Ujiji. Mpagazi wa Kinyamwezi alichukua mzigo wa frasila mbili hivi, yaani kama ratili 70, wa merikani, kaniki au shanga akienda bara, na wa pembe akirudi. Njia hiyo ilipitisha pia watumwa, wala si vema kuitaja kwa sifa tupu. Lakini nataka mtazame jambo moja. Mali ile iliondoka pwani kwa mkopo. Tajiri wa Unguja, kama Tharia Topan, alitoa bidhaa, na deni likalipwa kwa pembe za ndovu baada ya mwaka, au miaka. Hata Hamed bin Muhammed, ndiye Tippu Tip, ambaye baba yake alikuwa na makao hapa Tabora, alikuwa mdaiwa wa tajiri huyo.

Mkulima wa tumbaku akisikia hayo atatikisa kichwa, kwa kuwa ndiyo maisha yake. Mbolea huja kwanza, deni hufuata, na malipo huja mwisho, baada ya mteuzi kuteua na makato kukatwa. Tofauti ni moja tu. Siku zile daftari la deni lilikaa Unguja, mkononi mwa mwenye mali, na mpagazi aliyebeba mzigo hakupata kuliona. Sisi tumejiunga katika ushirika ili daftari liwe letu. Sasa nawauliza, Ndugu Wanachama, na jibu mlijibie moyoni: ni wangapi katika sisi waliopata kuliona jina lao katika leja, na kilichoandikwa mbele yake?

Nisiwaulize ninyi peke yenu. Nianze na nafsi yangu. Nilipoajiriwa kuwa katibu nalikuwa na cheti cha Kidato cha Nne na mafunzo ya hesabu ya majuma machache. Nilijua stakabadhi ni nini, na hati ya malipo ni nini, na kwamba kila shilingi huandikwa mara mbili, upande wa kuingia na upande wa kutoka. Kwa hiyo nasema waziwazi ya kuwa sikuharibikiwa kwa ujinga. Niliharibikiwa kwa limbikizo. Msimu wa soko ukifunguliwa, karani wa chama hulala karibu na marobota. Huamka kwenye mizani, hushinda na mteuzi, na jioni wanachama wamemzunguka wakiuliza fedha zitaingia benki lini. Stakabadhi za siku ile huziweka kando, akisema ataziandika kesho. Kesho ina stakabadhi zake. Mimi nilikuwa na katoni la sabuni chini ya meza, na ndilo lililokuwa daftari langu la fedha taslimu. Mkaguzi akitangaza kuja, nalikesha usiku kucha nikiandika miezi sita kwa kalamu moja na wino mmoja, na mkaguzi mwenye macho huijua kazi ya namna hiyo kabla hajaisoma.

Jambo hili si geni katika ushirika wa nchi yetu. Kamati Maalum ya Rais iliyochunguza vyama vya ushirika mwaka 1966 ilitaja miongoni mwa kasoro kubwa uhaba wa watumishi wenye ujuzi, na wanachama wasioarifiwa mambo ya chama chao. Miaka 10 baadaye, mwezi wa Mei 1976, vyama vikuu vilivunjwa na kazi zao zikapewa mamlaka za mazao, mpaka sheria ya mwaka 1982 ilipovirudisha. Sisemi ya kuwa vitabu vibaya peke yake ndivyo vilivyovivunja. Siasa ilikuwamo, na mengine. Lakini chama chenye vitabu vibaya hakina cha kushika mkononi siku ya kujitetea.

Basi msimu ule tulipopata aibu kwa mkaguzi, vyama vingi kwa pamoja, Mhasibu Mkuu wa Chama Kikuu hakutuita semina. Alisema, na mimi namwunga mkono, kwamba semina ya siku tatu hujaza daftari la semina, na la fedha taslimu hubaki vilevile. Akaanza kutuletea barua pepe kila Jumatatu asubuhi, makatibu na watunza hesabu wote. Barua yenyewe ilikuwa fupi, haikupita maneno yanayoenea katika kioo cha simu. Ilikuwa na kazi moja tu ya juma lile, na ilidai jibu kabla ya jua la Ijumaa kutua. Aliziita barua hizo Shindano la Majuma Kumi.

Wazee waliomo humu watakumbuka ya kuwa njia hiyo ina asili yake hapa nchini. Katika miaka ya 1960 Kituo cha Elimu ya Ushirika cha Moshi kilipeleka masomo kwa posta kwa makatibu na wajumbe wa kamati. Tena mwaka 1973 kulikuwa na kampeni ya redio ya Mtu ni Afya, iliyoendeshwa kwa majuma 12. Watu wazima wapatao milioni mbili walikaa katika vikundi, wakasikiliza somo, wakajadiliana, kisha wakaondoka kwenda kuchimba choo au kufyeka majani yaliyozunguka nyumba. Siri ya kampeni ile, kwa maoni yangu, ilikuwa katika jembe lililoshikwa baada ya redio kuzimwa. Barua za Jumatatu zilifuata mwendo huohuo: somo dogo, kisha kazi ya mikono, juma hilohilo, na wenzako wote wakiifanya.

Juma la kwanza tuliambiwa tutoe karatasi zote mahali zilipo, tuzipange kwa miezi, basi. Hatukutakiwa kuandika hata tarakimu moja. Nilicheka, nikidhani ni kazi ya mtoto. Ilinichukua siku tatu. Juma la pili tuliandika daftari la fedha taslimu la juma lile tu, kila jioni kabla ya kufunga ofisi, na kupeleka picha ya ukurasa. Ya nyuma tuliambiwa tuyaache kwanza. Hapo ndipo nilipoona hekima ya mtu yule. Mtu mwenye limbikizo hukata tamaa kwa kuutazama mlima wote. Akifundishwa kuzuia mlima usikue, atapata nguvu ya kuuchimba. Majuma yaliyofuata yalikuwa ya kuhesabu fedha za sandukuni mbele ya shahidi, kusuluhisha daftari letu na taarifa ya benki, na kulinganisha mifuko iliyomo ghalani na iliyomo kitabuni.

Nisiwaficheni kasoro zake. Kijijini kwetu mtandao hupatikana juu ya kichuguu kimoja nyuma ya ghala, na kila Ijumaa jioni watu walimwona katibu wao amesimama juu ya kichuguu, mkono mmoja umeinuliwa kama kirangozi aliyepoteza bendera. Wenzangu wengine walikuwa mbali zaidi. Walipeleka majibu kwa dereva wa lori. Mwenzetu mmoja, ambaye simtaji kwa sababu yumo humu na ni rafiki yangu, alipeleka picha ya ukurasa mmoja kwa majuma mawili, akasahau kwamba kulikuwa na doa la chai pembeni. Na jambo moja sikulipenda, nami nililisema wakati ule na nalisema tena: barua ya tatu ilitangaza majina ya vyama vilivyochelewa. Aliyechelewa kwa uvivu aliaibika kwa haki, lakini aliyechelewa kwa kukosa umeme aliaibika bure, na wawili waliacha shindano kwa sababu hiyo. Tangu juma la tano orodha ile iliondolewa, na badala yake Mhasibu alimpigia simu mchelewaji. Ilikuwa bora.

Sasa nifike kwenye barua ya juma la sita, ambayo ndiyo iliyonifanya nikubali kusimama hapa. Ilisema hivi kwa ufupi: chukua leja ya wanachama, uwaendee wanachama watano nyumbani kwao, uwasomee madeni yao ya pembejeo, kisha unyamaze uwasikilize.

Mwanachama wa nne alikuwa mzee wa makamo ya baba yangu, mwenye mabani mawili yaliyojengwa vizuri kuliko nyumba ya ofisi yetu. Nikaketi, nikasoma. Nilipofika mahali pa mbolea ya msimu uliotangulia, nikasoma mifuko 12. Mzee alitazama chini. Akaniuliza, "Mwanangu, ni mingapi?" Nikarudia. Akasema yeye alichukua minane. Nikamwuliza, "Mbona, baba, hukusema ulipokatwa?" Akajibu, "Ninyi mlikuwa na kitabu. Mimi nilikuwa na kichwa tu. Nikadhani kichwa ndicho kilichozeeka."

Nilirudi ofisini usiku ule ule, nikafunua hati za ghala. Mifuko minne ilikuwa imechukuliwa na kijana wa ukoo wake mwenye majina kama yake mawili, na mimi, kwa mkono wangu, katika usiku mmojawapo wa kukesha, niliiandika katika ukurasa wa mzee. Namba za uanachama zilikuwa tofauti, ila sikuzitazama. Mzee alikuwa amekatwa fedha za mifuko minne, na mwaka ule alimwondoa mtoto wake katika shule ya bweni katikati ya muhula. Sikuambiwa na yeye; niliambiwa na mke wake aliponisindikiza njiani.

Nililipeleka jambo mbele ya Bodi ya chama chetu kwa barua yenye jina langu. Bodi iliandika katika kumbukumbu, ikanionya, na fedha zikarudishwa. Kijana naye aliitwa akaambiwa deni lake. Alikasirika sana, na alikuwa na sababu, maana alikwisha kuzitumia fedha akidhani amemaliza. Tulikubaliana alipe kwa misimu miwili. Mtoto wa mzee amerudi shule, lakini yuko darasa moja nyuma ya wenzake, na hati ya kusahihisha haina safu ya kuandikia jambo hilo.

Kwa hiyo, Bwana Mwenyekiti, nina maombi mawili. La kwanza, Shindano lirudiwe kila mwaka kabla pembejeo hazijagawanywa, lisingoje aibu ya mkaguzi. Najua wako wasemao kwamba sasa tuna mfumo wa kompyuta wa Tume ya Maendeleo ya Ushirika, na hesabu zitajifanya zenyewe. Naukubali mfumo huo, nami nautumia. Lakini kompyuta ingeipokea mifuko ile minne katika ukurasa wa mzee bila kusita, tena ingeijumlisha bila kosa. Mashine haimwendei mtu nyumbani.

La pili, kazi ya juma la sita isiwe ya wanachama watano. Iwe ya wote, na kila mmoja apewe karatasi ya deni lake yenye namba yake ya uanachama, saini ya katibu na saini yake mwenyewe, kabla ya soko kufunguliwa. Nimeambiwa gharama ya karatasi ni kubwa. Nimeipiga hesabu kwa chama chetu, na ninayo hapa mfukoni kwa yeyote atakayeitaka. Ni ndogo kuliko gharama ya chakula cha mchana wa leo, ambacho nami nitakila kwa furaha.

Barua ya Jumatatu hii imekwisha kufika. Kazi yake ni kusoma madeni, na siku ya kujibu ni Ijumaa. Nimekuja na leja ndani ya mkoba. Wanachama wa chama chetu mliomo humu, baada ya chakula nitakuwa chini ya mwembe ulioko karibu na lango. Njoni na vitambulisho vyenu vya uanachama, tuanze na mliotoka mbali.