Habari za Darasani na Habari za Nyumbani

(Hotuba ya Afisa Elimu wa shule za msingi za wilaya yetu, ambaye ni mwanafunzi wa zamani wa shule hii, katika mkutano wa mwaka wa chama chetu)



Nimeombwa niwape habari za madarasa ya wilaya yetu na za jumuiya inayoizunguka shule hii. Nitajitahidi kuwa mfupi, maana nakumbuka siku nilipokuwa nimekaa hapo walipokaa kidato cha kwanza. Mgeni wa heshima alipokuwa akihutubia, masikio yetu yalikuwa kwake lakini pua zetu zilikuwa jikoni.

Nianze na habari za nyumbani. Ile rimu ya gari iliyokuwa ikituamsha alfajiri bado ipo. Mwembe iliyoning'inia ulianguka kwa upepo, lakini rimu imehamishiwa kwenye nguzo, na sauti yake ni ile ile isiyo na huruma. Mzee aliyekuwa akiipiga ametutangulia mbele ya haki. Shule na kijiji vilimzika pamoja, kama ilivyostahili. Wazazi wa shule ya msingi iliyo ng'ambo ya ua wetu wamekubaliana kila kaya itoe debe moja la mahindi kila muhula, na watoto sasa wanakunywa uji saa nne. Mwalimu mkuu wao ameniambia kwamba tangu uji uanze, watoro wamepungua hata siku za mvua.

Sasa niingie darasani. Mimi nilianza darasa la kwanza mwaka 1977. Huo ndio mwaka uliokusudiwa na Azimio la Musoma la 1974 kwamba kila mtoto aliyefikia umri wa kwenda shule apate nafasi. Walimu hawakutosha. Kwa hiyo vijana waliomaliza darasa la saba walichukuliwa wakajifunza ualimu huku wakifundisha. Watu wengi waliwadharau, wakawaita walimu wa UPE kana kwamba jina hilo ni tusi. Mwalimu wangu wa kwanza alikuwa mmoja wao, na nitarudi kwake baada ya muda mfupi.

Tangu hapo nimeyaona mawimbi mengine mawili. Ada ya shule za msingi ilipoondolewa na mpango wa MMEM kuanza mwaka 2002, nilikuwa mwalimu wa darasa, na asubuhi ya kwanza nilikuta watoto wamekaa hadi kwenye kizingiti cha mlango. Mwaka 2016, elimu bila ada ilipoanza, mambo yalikuwa yale yale. Sisemi haya kwa kulalamika. Mtoto aliyekaa sakafuni darasani ana nafuu kuliko aliyebaki nyumbani akichunga mbuzi. Lakini hapana budi tuulize: akiisha kuingia, anapata nini?

Ndugu zangu, hapa nina jambo la kuungama. Miaka michache iliyopita nilitembelea shule moja ya wilaya yetu. Niliingia darasa la nne, nikamwomba mtoto mmoja wa kiume asimame atusomee. Alisoma ukurasa mzima bila kukwama, kwa sauti nzuri. Nikampongeza, nikafunua ukurasa mwingine nikamwambia aendelee. Akasoma ukurasa ule ule wa kwanza, neno kwa neno, macho yake yakiwa kwenye ukurasa wa pili. Wenzake wakacheka. Yeye hakucheka. Alinitazama mimi, akitaka kujua amekosea wapi.

Mwalimu wake aliona aibu, lakini aibu ilikuwa yangu. Muhula uliotangulia shule ile ilileta taarifa kwamba hakuna mtoto wa darasa la tatu asiyejua kusoma. Darasa hilo ndilo hili nililosimama ndani yake. Mimi niliipokea taarifa, nikaitia sahihi, nikaipeleka mbele, kwa sababu ilikuwa taarifa ya kupendeza na mimi nilitaka wilaya yetu isiwe ya mwisho. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi nilificha maradhi ya mtoto wa watu.

Njiani kurudi nilimkumbuka yule mwalimu wangu wa UPE. Mwaka 1978, nikiwa darasa la pili, nami nilikuwa nimekariri kitabu kizima kwa kumsikiliza kaka yangu akisoma nyumbani. Nilijulikana kuwa msomaji hodari. Siku moja mwalimu aliandika ubaoni maneno manne tu ambayo hayamo kitabuni, akaniambia nisome. Nikanyamaza. Hakunichapa, wala hakuwaambia wenzangu. Alinibakiza jioni, akaniandikia silabi mchangani kwa kijiti, akafanya hivyo kila jioni mpaka mvua za masika zilipoanza. Kijana yule alikuwa na elimu ya darasa la saba, lakini alikuwa na kitu ambacho mimi, pamoja na vyeti vyangu, nilikikosa: alitaka kujua ukweli kuhusu mtoto aliye mbele yake.

Tulifanya nini basi katika shule ile? Walimu walikubali kutenga saa moja kila siku ambapo watoto wa darasa la tatu, la nne na la tano hugawanywa kwa kile wanachokiweza, si kwa darasa walilomo. Wanaosoma herufi hukaa pamoja, wanaosoma maneno hukaa pamoja, na wanaosoma habari hukaa pamoja. Taarifa ya muhula uliofuata ilikuwa mbaya, nami nikaitia sahihi vile vile. Nilipigiwa simu, nikajieleza. Yule mtoto sasa anasoma sentensi fupi, polepole, akifuata kwa kidole. Lakini ukimfunulia ukurasa wowote, anasoma kilichoandikwa hapo.

Jambo hili linatuhusu sote tuliomo humu ndani. Watoto walioingia darasa la tatu mwaka 2024 wanafuata mtaala mpya, ambao elimu yake ya msingi ni ya miaka sita. Watamaliza mwaka 2027, mwaka ule ule ambao wenzao waliowatangulia watamaliza darasa la saba. Kwa hiyo Januari 2028 makundi mawili yatabisha hodi kidato cha kwanza kwa pamoja. Huko watakuta masomo mengi yanafundishwa kwa Kiingereza. Asiyeweza kusoma vizuri lugha anayoiota usingizini, atafanya nini na lugha anayokutana nayo darasani tu?

Ndugu Mwenyekiti, najua kamati imependekeza fedha zetu za mwaka huu zijenge lango jipya lenye majina ya waliochanga. Mimi nami nimechanga, na ningependa kuliona jina langu. Lakini naomba kwa heshima tulifikirie upya. Lango la zamani linafunguka na kufungwa. Ng'ambo ya ua kuna watoto zaidi ya mia moja katika darasa moja, na vitabu vya hadithi vya kujisomea havijai hata mfuko mmoja. Tununue vitabu, na rafu ya kuviwekea, na kufuli. Lango lingoje.

Nanyi wanafunzi wa sasa, hasa wa kidato cha tano, kwenu sina ombi la fedha. Naomba jioni moja kila wiki mvuke ua, kila mmoja akae na watoto watatu, awasikilize wakisoma. Msiwacheke. Na mkifunua ukurasa wa pili mkasikia ule wa kwanza, msimwambie mtu; chukueni kijiti, mwandike mchangani.

Nasikia harufu ya pilau, na naona kidato cha kwanza nao wameisikia.