Hasara ni ya Nani? Ubia wa Serikali na Kampuni katika Usalama wa Mtandao



Desturi ya mhadhara wa uprofesa ni kuanza na historia ya taaluma. Ya kwangu ni fupi na wengi mnaijua: programu ya Morris iliyojisambaza na kuzizima kompyuta mwaka 1988, kituo cha kwanza cha dharura za kompyuta pale Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, kisha vituo vya aina hiyo vikaenea hadi kufikia TZ-CERT yetu chini ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA). Sheria ya Makosa ya Mtandao ni ya 2015. Mkataba wa Malabo, wa Umoja wa Afrika kuhusu usalama wa mtandao, ulipitishwa 2014, ukaanza kutumika 2023. Hayo nayapita, maana kilichonileta hapa leo ni ugomvi.

Nagombana na hoja moja inayofungua karibu kila andiko la mradi wa kujenga uwezo. Hoja inasema hivi: nchi zinazoendelea zina uhaba wa wataalamu wa usalama wa mtandao, wataalamu wako kwenye kampuni, basi serikali iingie ubia na kampuni, kampuni zifundishe, uwezo utajengeka. Ni hoja tamu. Wafadhili wanaipenda, mawaziri wanaipenda, na kampuni zinaipenda kuliko wote. Mimi naona imeoza sehemu tatu, na nitaomba uvumilivu wenu niifumue taratibu.

Tuanze na huo uhaba. Utapeli unaowaliza Watanzania hauhitaji mtu aliyesomea kompyuta. "Ile hela tuma kwa namba hii." Kuna mtu humu ukumbini ambaye hajawahi kuupokea ujumbe huo? TCRA hutoa takwimu za mawasiliano kila robo mwaka, na ndani yake limo jedwali la majaribio ya ulaghai, mkoa kwa mkoa. Wanafunzi wangu wa uzamili wanajua kwamba kwangu jedwali hilo linasomwa kabla ya kitabu chochote. Katika ripoti kadhaa, mikoa ya Rukwa na Morogoro imeongoza na kuiacha nyuma hata Dar es Salaam. Tafakarini hilo. Laini zetu zimesajiliwa kwa alama za vidole. Ujumbe wa tapeli unaweza kuripotiwa kwa namba 15040 na mwananchi yeyote. Majaribio yanahesabiwa na kupangwa kwa mikoa. Jedwali kama hilo halitoki katika nchi isiyo na wataalamu.

Sehemu ya pili ni hilo neno "zifundishe". Mmehudhuria hizo semina, nami nimehudhuria. Hoteli ya kando ya bahari, mkoba wenye nembo ya mdhamini, siku tatu za mafunzo, vyeti, picha ya pamoja, posho. Kijana anarudi ofisini akijua kubonyeza vitufe vya mtambo wa kampuni moja, mtambo ambao ofisi yake haijaununua na ambao, kwa bahati njema, mwakilishi wa kampuni amemwachia bei yake. Sisemi hakujifunza kitu. Akijifunza sawasawa, mwaka hauishi kabla hajapata kazi Nairobi au Dubai. Nani atamlaumu?

Sehemu ya tatu ndiyo mbovu zaidi: imani kwamba kampuni itatoa inachokijua. Kampuni iliyoibiwa ina kila sababu ya kunyamaza. Mnakumbuka Benki Kuu ya Bangladesh, Februari 2016. Wezi walijaribu kuchota karibu dola bilioni 1 kutoka akaunti yake iliyoko New York, na milioni 81 zikaishia Manila, kwenye benki ya RCBC, kisha kasino. Sehemu ya wizi ule ilikwama kwa sababu mtu wa Deutsche Bank alishtuka kuona neno limekosewa herufi kwenye hati ya malipo. Bangladesh haikukosa wabia: ilikuwa na SWIFT, mtandao wa ujumbe wa malipo kati ya mabenki, na ilikuwa na benki ya Marekani iliyoitunza akaunti hiyo. Fedha zilipoyeyuka, kila mbia akamnyooshea mwenzake kidole. Mambo yalianza kusogea pale machungu yalipowafikia. SWIFT, jina lake likiwa matopeni, ikatangaza mwaka huohuo mpango wa usalama kwa wateja wake wote. Benki kuu ya Ufilipino ikaitoza RCBC faini ya peso bilioni 1.

Hapa namleta mwalimu wangu, ingawa sikuwahi kukaa darasani kwake: Ross Anderson wa Cambridge, aliyefariki 2024. Kama mtasoma makala mbili tu katika taaluma hii, someni zake za 1993 na 2001. Ya kwanza ilifanya jambo ambalo wenzake waliona halina hadhi: ilikusanya visa halisi vya wizi kwenye mashine za kutolea pesa na kuuliza wizi ulitokeaje. Wanahisabati walikuwa wakihofia mtu wa kuvunja misimbo. Anderson akakuta kadi zilizopotelea posta, wafanyakazi wasio waaminifu, taratibu za hovyo. Ya pili ikaeleza sababu. Marekani, mteja akikana muamala, benki ndiyo iliyotakiwa kuthibitisha. Uingereza, mzigo wa kuthibitisha ulimwangukia mteja. Ungedhani mabenki ya Uingereza yalipata nafuu. Kumbe yalitumia fedha nyingi zaidi kwa usalama na bado wizi ukawa mkubwa zaidi, maana malalamiko ya wateja yalichukuliwa kuwa ni uongo na wakubwa wakabweteka. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti; benki za Marekani zililazwa humo, zikajifunza.

Nilipoisoma makala hiyo nilimkumbuka mama yangu mdogo, muuza mchele. Alipigiwa simu na kijana mwenye adabu zake, aliyejitambulisha kuwa wa huduma kwa wateja, na laki nne zikaenda. Nilimsindikiza ofisi ya kampuni ya simu. Dada wa kaunta alikuwa mpole kabisa. Aliangalia skrini, akatutajia namba iliyopokea, akatutajia saa ambayo hela ilitolewa, akasema imetolewa kwa wakala. Kisha akasema, "Ila mama, namba ya siri uliiweka mwenyewe. Nendeni polisi mkachukue RB." Polisi wakatupa hiyo RB, namba ya taarifa yetu, wakatuambia tuirudishe kwenye kampuni. Kila kitu ambacho mpelelezi angehitaji kilikuwa kwenye skrini ile. Uwezo ulikuwepo; aliyegharimika kwa kukaa kwake bila kazi ni mama mdogo peke yake.

Kwa hiyo nasema: ubia usiogawana hasara ni udhamini wa semina. Uingereza imelikubali hilo. Tangu Oktoba 7, 2024, mteja aliyelaghaiwa akahamisha fedha benki kwa benki hulipwa hadi pauni 85,000, na taasisi iliyotuma na iliyopokea hugawana gharama nusu kwa nusu.

Najua majibu yatakayokuja. Wateja watazembea, wengine watadanganya. Ni kweli, na ndiyo maana Waingereza wameruhusu hadi pauni 100 za kwanza zibaki kwa mteja, na mzembe kupindukia anaweza kunyimwa. Watasema kampuni zitapandisha makato. Hoja hiyo ni nzito zaidi: tozo za serikali kwenye miamala ya simu za 2021 zilionyesha jinsi watu wetu wanavyoyakimbia makato, hadi serikali ikazipunguza mwaka huohuo. Basi kiwango cha fidia kwetu kiwe kidogo, kianze na miamala ya watu wa chini. Nimeyapima yote hayo, na bado naamini asiyeumia hajifunzi.

Tena tumeshawahi kuweza. Mwaka 2014 kampuni za simu za nchi hii, zilizokuwa zikinyang'anyana wateja, zilianza kupokelea pesa za mtandao mwingine kutoka simu hadi simu, IFC, taasisi ya Kundi la Benki ya Dunia, ikisaidia kuratibu na Benki Kuu ikiunga mkono. Ziliandika kanuni za nani anamlipa nani. Huo ulikuwa ubia. Sasa ziandike kanuni za pesa iliyoibiwa: ikilalamikiwa mapema ishikiliwe ilikofika, hasara igawanywe kati ya mtandao uliotuma na uliopokea, kila tukio lifike TZ-CERT, na vyuo vipewe takwimu hizo vizisome.

Ripoti ya 2024 ya ITU, shirika la mawasiliano la Umoja wa Mataifa, imetuweka daraja la kwanza duniani kwa usalama wa mtandao, na moja ya nguzo zake tano ni ushirikiano. Najivunia. Lakini kipimo hicho hakihesabu shilingi zilizorudi kwa mwenyewe, na mimi ningependa tuanze kuzihesabu sisi. Siku kampuni itakapolipa laki nne, itamtafuta mhitimu wetu yenyewe, itamlipa vizuri, na hatakimbilia Dubai. Mafunzo yatafuata fedha.

Maswali nayakaribisha, hasa ya wanasheria wa kampuni za simu, ambao naona wamekaa safu ya mbele.