Jahazi la Ndara



Vijana wenzangu wa Kitengela na Kajiado kwa jumla, na wazazi wetu mlioketi hapa, najua kuna anayejiuliza: huyu anatuletea habari za majahazi sisi watu wa ng'ombe na vumbi? Subirini kidogo. Mto Kitengela unaingia Athi, na Athi ndio huo huo unaoitwa Galana ukishapita Tsavo, kisha unamwaga maji yake baharini karibu na Malindi kwa jina la Sabaki. Basi chupa unayoitupa mtaroni baada ya futari, mvua ikinyesha, ishaanza safari ya Pwani.

Sasa sikilizeni. Kuna mfanyabiashara wa utalii, Ben Morison, ambaye uchafu wa plastiki kwenye fukwe zetu ulimkera. Mtu wa kazi yake angeweza kuunda boti la anasa la kutembezea wageni, likawa na viyoyozi na viti vya ngozi, akapata faida yake. Yeye mwaka 2016 akaanzisha mradi wa kuunda jahazi kwa takataka zile zile. Wazo zuri, lakini mawazo hata sisi tunayo, tena mengi! Kazi ni nani ataliunda.

Jibu lilipatikana Lamu kwa fundi Ali Skanda, mtu wa ukoo wa mafundi. Hebu fikirieni mtihani wake. Mbao fundi anaijua tangu utotoni: anajua itapinda wapi na itapasuka wapi. Plastiki haina nyuzi kama mti, na ikipata joto inalegea. Ikabidi takataka zichambuliwe, zisagwe, ziyeyushwe, zitiwe kwenye kalibu, ndipo zitoke mbao, mataruma na mkuku. Na mkuku ndio uti wa mgongo wa chombo; ukikosea hapo, umekosea kila kitu. Baada ya hapo ni ufundi ule ule wa wazee: kupima kwa jicho, kuchonga, kuunga.

Jahazi likatimia, urefu wake kama mita 9, plastiki tani 10. Ubavuni likavishwa vipande vya ndara kama 30,000 (sisi huku twaziita slipa), rangi kama leso za harusi. Likashushwa majini Septemba 2018. Mapema 2019 likatweka tanga kutoka Lamu hadi Zanzibar, kama kilomita 500, na mwaka 2021 likazunguka Ziwa Victoria. Jina lake ni Flipflopi.

Mie kilichonigusa zaidi si plastiki. Kwenye miji ya watalii, mwenye hoteli anajulikana, mwenye boti anajulikana, lakini aliyeliunda hulipwa kibarua chake akaondoka, na jina lake halisemwi. Hapa fundi alitajwa pamoja na mwenye wazo.

Wazazi wetu, nawauliza kwa heshima, nami ni mwanafunzi wa chuo kikuu: kijana akisema anataka kwenda kujifunza kuchomelea vyuma au useremala hapa Kitengela, mbona nyumbani panakuwa kama pana msiba? Wako wengi humu wenye mikono hiyo, na wengine wao wanafutari nasi jioni hii.