Hesabu Isiyotulia

Katika miaka ya 1950, daktari wa Venezuela, Américo Negrette, alipangiwa kazi San Luis, mtaa wa wavuvi kando ya Ziwa Maracaibo. Alipowaona watu wakipepesuka barabarani alidhani ni walevi. Hawakuwa wamegusa tone. Wenyeji walikuwa na jina la hali hiyo: el mal, yaani ubaya.

Ni ugonjwa wa Huntington, unaoua chembe za ubongo polepole. Kuanzia 1979, Mmarekani Nancy Wexler, aliyempoteza mama yake kwa ugonjwa huohuo, alirudi ziwani mwaka baada ya mwaka kukusanya damu na nasaba za koo hizo. Jeni lenyewe lilinaswa 1993.

Kosa lake ni dogo mno: herufi tatu za DNA, CAG, zinazojirudia kupita kiasi. Hadi mara 26 hakuna neno. Zikifika 40, mtu ataugua, ilimradi aishi umri wa kawaida. Mtoto wa mgonjwa huambiwa ana nafasi nusu kwa nusu, na mazungumzo huishia hapo. Hayakupaswa kuishia hapo, maana kinachorithiwa ni hesabu isiyotulia.

Mwambie mtoto anakili neno moja mara arobaini, uone kama hatapotea njiani. Mwili nao hupotea, hasa unapotengeneza mbegu za kiume, kazi isiyokoma tangu balehe. Baba mwenye 45 anaweza kumzaa mwenye 60 na ushei. Kwa babu ugonjwa ulikuja na mvi. Kwa mjukuu unaweza kuingia angali na sare za shule.

Wala hesabu haitulii baada ya kuzaliwa. Januari 2025, watafiti wa Marekani walionyesha kuwa ndani ya chembe fulani za ubongo marudio huongezeka taratibu kwa miongo. Yakipita 80 hushika kasi. Yakivuka 150, chembe huanza kuvurugika, kisha hufa. Kumbe namba inayosomwa kwenye kipimo cha damu ni ya kuanzia safari tu.

Na nani anayeongeza? Fundi wa nyumbani. Protini iitwayo MSH3 kazi yake ni kukarabati DNA, lakini ikikutana na mlolongo huu hurefusha badala ya kunyoosha. Panya wa maabara walioondolewa MSH3, marudio yao yaliacha kuongezeka, na sasa watengenezaji dawa wanamwandama fundi huyo.