Gundi Inayokubali Kufunguliwa

Leo tungependa kuwapeleka nyuma ya nyumba yetu, kwenye kibanda cha mabati ambamo sisi huingia jioni, kazi za kanisa zikiisha. Humo mna msumeno, randa, patasi, msasa na vibanio vingi. Lakini hatutengenezi viti wala meza. Tunatengeneza ukulele.

Huenda wengine wenu mnauliza, ukulele ni kitu gani? Ni kama gitaa dogo lenye nyuzi nne tu, ambalo hata mtoto aweza kulipakata. Nyuzi zake huimba so, do, mi, la, na wanakwaya wetu wataelewa mara moja. Ajabu yake ni kwamba ile so ya kwanza si ya chini, bali ni ya juu, na hiyo ndiyo inayoipa ukulele sauti yake ya kuchangamka.

Asili yake ni visiwa vya Hawaii, katika bahari ya Pasifiki. Mwezi wa Agosti 1879, meli iitwayo Ravenscrag ilitia nanga Honolulu ikiwa na Wareno zaidi ya 400 kutoka kisiwa cha Madeira, waliokwenda kufanya kazi katika mashamba ya miwa. Miongoni mwao walikuwamo maseremala watatu: Manuel Nunes, Augusto Dias na José do Espírito Santo. Huko kwao walizoea kinanda kidogo kiitwacho machete. Baadaye wakafungua karakana mjini Honolulu, wakaanza kukitengeneza kwa mbao za mti wa koa, ambao ni jamaa ya migunga yetu. Mfalme Kalākaua alikipenda, nacho kikawa cha watu wote wa Hawaii. Jina lake mara nyingi huelezwa kuwa ni kiroboto arukaye, kwa jinsi vidole vinavyoruka juu ya nyuzi. Lakini Malkia Liliʻuokalani, ambaye mwenyewe alikuwa mtunzi wa nyimbo, alipendelea maana nyingine: zawadi iliyokuja.

Sisi tuliiona ukulele kwa mara ya kwanza tulipokuwa chuo cha theolojia, mikononi mwa mwanafunzi mwenzetu, na tangu siku hiyo tamaa haikutuacha. Tulianza kwa kukusanya zilizovunjika. Moja tuliipata sokoni, chini ya rundo la viatu kuukuu. Nyingine ilikuwa imefanywa kiota na panya. Baadaye tukajifunza kuunda mpya kwa mbao za makabati ya zamani. Ubao hukwanguliwa mpaka unakuwa mwembamba wa milimita mbili hivi, kisha mbavu hupindwa polepole juu ya bomba la moto. Ukiharakisha, zinakatika. Leo ukulele saba zimetundikwa ukutani kwetu, na kila moja ina kovu lake.

Sasa sikilizeni jambo lililotupata.

Mzee mmoja wa kanisa letu alituletea ukulele iliyokuwa ya marehemu ndugu yake. Ndugu huyo alifanya kazi bandarini Mombasa miaka mingi, na aliinunua kwa baharia. Kila palipokuwa na arusi katika ukoo wao, yeye ndiye aliyepiga. Alipofariki, mzee aliichukua akaja nayo kwake bara, na katika kiangazi ubao uliozoea unyevu wa pwani ukakauka. Ukafanya ufa, na kile kibao kidogo kinachozishika nyuzi, ambacho huitwa daraja, kikabanduka. Mjukuu wa mzee alikuwa anaolewa Jumamosi, naye mzee alikuwa amemwahidi kwamba ukulele ya babu yake italia siku hiyo.

Ilikuwa Alhamisi jioni. Sisi tulijua la kufanya. Mafundi wa kale waliunga vinanda kwa gundi ya ngozi, ile inayopatikana kwa kuchemsha ngozi za ng'ombe. Kopo la gundi huwekwa ndani ya sufuria ya maji ya moto, kama nyuzijoto 60, na kazi hutaka utaratibu. Lakini tulikuwa na haraka, na mle kabatini mlikuwa na gundi kali ya kisasa, ile ya kuchanganya mirija miwili. Tukajiambia kwamba hii ina nguvu zaidi, mzee atashukuru. Tukapaka, tukabana, tukaenda kulala.

Asubuhi tulipotia nyuzi tukaona kosa. Daraja lilikuwa limeteleza milimita mbili gundi ilipokuwa bado mbichi. Milimita mbili si kitu kwenye mlango au kwenye kitanda. Kwenye ukulele ni maangamizi, kwa sababu kichuma cha kumi na mbili cha shingoni lazima kiwe katikati ya uzi, ili ukiubonyeza pale, uzi utoe sauti ile ile, ila ya juu. Uzi wetu ulitoa sauti nyingine kabisa. Kama ingekuwa gundi ya ngozi, tungeipasha moto, tukaitia unyevu kidogo, ikafunguka bila kuudhuru ubao. Gundi ile kali haikukubali. Tukasukuma kisu, tukasukuma tena, na daraja likang'oka likiwa limeshikana na vipande vya ubao wa mbele.

Wapendwa, tunaona haya kuwaambia wazo lililotujia. Ukutani palikuwa na ukulele nyingine iliyofanana sana na ile. Macho ya mzee yamefifia. Tungeweza kumpa hiyo, arusi ikapita, na mtu asijue. Tuliishusha tukaanza kuipangusa. Mama wa nyumba yetu alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha chai. Akauliza tu, "Baba watoto, mzee wa watu utampa ukulele ya nani?" Akaweka chai, akaondoka.

Tulikwenda kwa mzee saa kumi jioni, tumeibeba ukulele iliyochanika ndani ya kitambaa. Tulimweleza yote, pamoja na habari ya ile nyingine. Hakusema neno. Alipitisha kidole polepole juu ya ubao, akatafuta mahali fulani karibu na tundu, mahali palipolika kwa miaka ya kupigwa. Kidole kilipofika kikakuta shimo.

"Mchungaji," akasema, "hapa ndipo mkono wa ndugu yangu ulipokuwa ukipita."

Hatukuwa na jibu. Baada ya muda akauliza, "Vile vipande viko wapi?" Tukamwambia tumevihifadhi katika kopo la majani ya chai. "Basi kama vipo, rudi navyo. Usiharakishe tena."

Jumamosi mzee alisimama mbele ya arusi akamwimbia mjukuu wake mikono mitupu. Sisi ndio tuliofungisha ndoa ile, na tuliketi pale tukisikiliza kila ubeti.

Kazi ya kurudisha vipande ilituchukua miezi mitatu. Tulivisafisha kimoja kimoja, tukavirudisha kwa gundi ya ngozi, na kwa ndani tukabandika vibao vidogo kukingama ufa ili usiendelee. Kovu linaonekana. Mzee alipoijaribu alisema, "Sauti imepungua kidogo," na ni kweli imepungua. Kisha akampa mjukuu wake ajifunze.

Tangu siku ile tumefikiri sana juu ya mafundi wale wa kale. Walichagua gundi inayokubali kufunguliwa, nayo iliwafaa sana. Kinanda ni kitu cha kuishi miaka mingi kuliko aliyekitengeneza. Siku moja kitapasuka, na mtu mwingine atataka kuingia ndani akitengeneze. Fundi mwema humwachia huyo njia ya kuingia. Sisi tulifunga njia hiyo kwa sababu ya haraka, na kwa sababu tulitaka kusifiwa kwa nguvu za gundi yetu.

Je, nyumbani mwako unaunga kwa gundi gani? Yuko baba aliyemwambia mwanawe, "Usikanyage tena hapa kwangu," na leo angetaka kijana arudi, lakini hajui aanzie wapi. Wako ndugu wawili walioapa mbele ya wazee kutosalimiana kwa ajili ya mpaka wa shamba. Maneno yale yalikuwa na nguvu sana. Kujaribu kuyabandua sasa kutaumiza, wala hatutawadanganya kwamba hakutabaki kovu. Lakini anza na vipande ulivyo navyo. Nenda ukaseme ulilolifanya, lote, bila kulipaka vanishi. Usimpelekee mwenzako zawadi nyingine mahali pa ile uliyoivunja.

Na wewe ambaye leo umekasirika, na maneno makali yako tayari mdomoni, ngoja. Yatie kwanza kwenye maji ya moto taratibu. Sema lile ambalo kesho, ukiona umekosea, utaweza kulifungua.

Ee Mungu, utupe saburi ya fundi, na ujasiri wa kukiri tulichokiharibu. Amina.

Kwaherini, wapendwa, mpaka wakati mwingine.